Mvua ya Mazishini

Tangu Jumamosi sijatoka nje ya boma, hata maziwa ananinunulia mke wangu. Acha niungame kwenu, maana hapa Chekalini hakuna anayetaka kunisikia.

Kwenye mazishi ya kijiji chetu, mimi ndiye hushika maikrofoni. Jumamosi tulikuwa tunamzika jirani yangu, Mzee Wekesa, hata kabla nyasi hazijaota kwenye kaburi la kifungua mimba wake. Jeneza lilipoanza kushushwa, mvua ikanyesha. Kwetu mvua ya mazishini ni baraka. Watu husema Mungu amempokea marehemu. Lakini kulikuwa na wageni kutoka Nairobi, na Kiingereza kilikuwa kinaniwasha. Nikakumbuka maneno niliyowahi kuyasikia redioni. Maana yake sikuijua, ila yalitaja mvua, basi nikajiambia lazima ni ya baraka. Nikainua mkono kama askofu.

"It never rains but it pours!" nikanguruma. "Semeni amina!"

Hakuna aliyesema amina. Nikadhani hawakusikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Mjane akamgeukia binti yake, mwalimu wa sekondari. "Huyu anasema nini?"

Binti alinitazama kwanza. "Anasema msiba haikujangi moja, Mama. Ikianza, inafuatana."

Mama akamshika mkono Barasa, mwana wa kiume pekee aliyebakia, aliyekuwa amesimama na jembe akingoja kufukia kaburi la babake. Akanigeukia.

"Sasa unataka na huyu pia?"

Maikrofoni ilikuwa bado wazi. Boma zima lilisikia.