Mbawakawa Wawili Katika Chupa Moja

Chekeni tu, maana aibu yenyewe ilitazamwa na kijiji kizima, kwenye shuka nyeupe, ikiwa imekuzwa hadi ukubwa wa godoro. Lakini jueni kwamba kabla ya hapo usingizi ulikuwa umenihama wiki nzima kwa ajili ya swali moja: mbona mbawakawa wekundu wote ni majike, na wa buluu wote ni madume?

Nilipomaliza chuo nilipata kibarua cha kumsaidia Dakta Nuru, mama anayechunguza mbawakawa wa majani katika vichaka vya Kakuyuni, wale wadudu wadogo wenye mgongo mgumu unaong'aa. Tulidhani tumepata aina mbili ambazo hazijawahi kuandikwa popote, na mimi nikaachiwa kuwapasua chini ya hadubini, kwani hawa hutofautishwa hasa kwa kiungo cha uzazi cha dume (ndiyo, shahada yangu ilinifikisha hapo). Katika wekundu sikuona dume hata mmoja. Nikamwambia Dakta madume yao hatujawapata bado. Nikajiambia ni mvua, ni mitego, ni bahati mbaya, nikajiambia kila kitu isipokuwa lile lililo wazi, kwa sababu Dakta alikwisha chagua majina: wa buluu aitwe kwa jina la Kakuyuni, mwekundu kwa jina la marehemu baba yake. Nani angethubutu? Tena jina la kisayansi likishachapishwa halifutiki. Likiwa la makosa, hubaki vitabuni pamoja na majina ya walioliandika, na langu lingekuwa la pili.

Siku ya kuwaonyesha wanakijiji, Dakta alipanga tukimaliza tu aitume makala ya kutangaza aina hizo mbili. Asubuhi nikasahau chupa moja Malindi, tulikolala (laiti hapo ningerudi kitandani nikajifunika gubigubi). Nikaona, ah, kwani kuna nini, nikawatia wote wawili, mwekundu na wa buluu, wakiwa hai, katika chupa moja ya jemu.

Katika darasa la shule ya kijiji madirisha yalizibwa kwa magunia, kamera ikafungwa juu ya chupa, picha ikatokea kwenye shuka, watu wakapiga makofi. Dakta akashika kipaza sauti.

"Hawa, ndugu zangu, ni aina mbili tofauti kabisa."

Nyuma yake, kwenye shuka, wa buluu akampanda mwekundu.

Kicheko kikazuka upande wa akina mama.

Mimi, badala ya kuzima kamera, nikaziba chupa kwa kiganja, na kiganja changu kikajaa shuka nzima. "Wanapigana," nikasema.

"Wanapigana!" akadakia Mama Dama, muuza mihogo aliyekaa mbele. "Mwanangu, mimi kwa vita kama hivyo nina wana saba!"

Naibu wa chifu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Kadzo, toa mkono tuone nani kashinda!"

Dakta hakucheka. Aliteremsha kipaza sauti, akanisogelea. "Kadzo, ni nini hii?"

Mlango wa kutorokea ulikuwapo: mbawakawa nao hukosea, dume huweza kumpanda jike wa aina nyingine, na Dakta angekubali kwa kuwa alitaka kukubali. Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini nikamwona siku wataalamu wa mbali watakapomsahihisha, jina la baba yake likiwa limening'inia kwenye kosa, na mimi kando nikijifanya nashangaa, na hofu hiyo ikaizidi ile ya kwanza.

Nikatoa mkono. "Shikamoo, Dakta" (nilikwisha mwamkia asubuhi, lakini hofu haina mpangilio), "ni aina moja tu. Wekundu ndio majike. Nilishuku tangu wiki iliyopita, nikaogopa kukwambia. Tafadhali usitume."

Nyuma yetu watu waliendelea kupiga vigelegele kana kwamba ni harusi.

"Watu wa Kakuyuni tumeshawaahidi jina," Dakta akasema taratibu. "Basi baba atangoja."

Nimeapa kwamba shaka ikinijia sitailaza tena hadi kesho yake. Kiapo hicho nilikianza palepale: Dakta akanisukumia kompyuta, akageuza uso, nami nikatafuta katika makala kurasa za mwekundu, nikazifuta moja baada ya nyingine, mpaka ile yenye jina la mzee.