Bastola ya Kwanza ya Baba Neema

Siku yangu ya kwanza kazini Meneja aliweka bastola juu ya kaunta, mdomo wake ukielekea ukutani, akaniuliza kama ina risasi au haina. Niliitazama, nikasema sijui.

"Vizuri," akasema. "Atakayekuambia haina kabla ya kuifungua, usimwamini."

Moyoni nilishaanza kutunga maneno ya kuaga.

Sikuwa nimeomba kazi ya silaha. Eldoret nilikuwa karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Nilipomfuata mume wangu Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ofisi ya ajira iliniambia kuna duka linalotafuta mtu anayejua kupanga vitu vidogo vya chuma. Nilifikiri ni misumari. Nikakuta bunduki za kuwindia ndege, darubini, mabuti ya matopeni na kabati la kioo lililojaa bastola.

Ninyi mnaosoma haya msije mkafikiri tuliuza bastola za kuua. Hizo zilikuwa zimeshapigwa marufuku kwa raia. Zetu zilikuwa za gesi. Unaingiza kichupa kidogo ndani ya mpini, na gesi iliyomo inasukuma gololi ndogo kama punje ya mtama, ya kutobolea karatasi za shabaha. Lakini kwa nje zilifanana kabisa na za kweli. Zilizopendwa zaidi zilikuwa za mtindo wa zamani, nakala za zile walizobeba maofisa wa jeshi enzi za babu zao. Zilijipakia zenyewe: ukivuta kifyatulio gololi moja inatoka, kipande cha juu kinarudi nyuma kwa kishindo, na nyingine inakaa tayari. Meneja mwenyewe alikiri kwamba hatua kumi tu mbele yake hawezi kutofautisha. Hilo lilinikosesha raha kwa miaka yote niliyofanya kazi pale.

Mwaka wa kwanza niliwekwa nyuma, chini ya Msimamizi wa Stoo, mzee mkimya aliyekuwa fundi wa bunduki kabla macho hayajamwishia. Ndiye aliyenifunza kushika bastola kidole kikiwa nje ya kifyatulio, kuchomoa magazini, yaani kile kikasha cha gololi kinachoingia kwenye mpini, na kuchungulia ndani mara mbili. Alinifunza pia kufunga. Kila bastola iingie kwenye boksi lake, boksi lizungushiwe karatasi, karatasi itiwe gundi.

"Mteja akitoka hapa," alisema, "anayempita njiani asijue amebeba nini."

Alipostaafu, Meneja alinihamishia kaunta. Huko ndiko nilikojua kwamba kumuuzia mtu bastola yake ya kwanza ni kazi ya namna yake. Mgeni huchagua kwa macho. Anaona inayong'aa, anaitaka. Mimi niliwaambia wafumbe macho, wainue mkono kuelekea kwenye shabaha ukutani, halafu wafumbue. Kama kile kinundu cha kulengea kilicho kwenye ncha ya mtutu kimekaa sawasawa katikati ya mwanya wa nyuma, mpini umekubali mkono. Kama kimekwenda pembeni, jaribu nyingine. Nikawa hodari. Meneja alianza kuwaita wateja wapya kwangu, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia fahari.

Baba Neema aliingia adhuhuri moja, akanikuta naongea na dada yangu kwa simu. Alisubiri nimalize, akavua kofia.

"Jambo, mama. Unasema Kiswahili. Mi natoka Bukavu."

Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mfagiaji katika hospitali kubwa karibu na Harborne. Mwenzake wa kazini alikuwa amemwingiza katika klabu ya shabaha. Kwao alikuwa mlinzi wa wanyama katika mbuga. Miaka kumi na miwili alibeba bunduki ya serikali, lakini bastola yake mwenyewe hakuwahi kuwa nayo.

"Niko natafuta ile ya zamani," alisema. "Ya chuma, na mbao huku kwa mkono. Chef wetu, mkubwa wa kazi, alikuwa nayo. Alikuwa mtu mzuri sana."

Nilimtolea tatu. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, nyepesi. Akairudisha bila neno. Ya pili ilikuwa na mpini mnene, na alipofumbua macho kinundu kilikuwa kimekwenda kushoto. Ya tatu ilikuwa nzito, ya chuma, na mbao kwenye mpini. Alifumba macho, akainua mkono, akafumbua. Kinundu kilikuwa katikati.

"Njo hii," akasema, yaani ndiyo yenyewe.

Nikaandika kitambulisho chake kama sheria ilivyotaka, nikaanza kuifunga. Hapo ndipo alipoinama na kumtaja mkewe kwa sauti ya chini, "Bibi yangu hayuko anajua. Nitamwambia polepole."

Nilisikia. Nataka mjue kwamba nilisikia vizuri. Nilitabasamu, nikakaza gundi, nikamkaribisha tena.

Siku ya tisa baada ya hapo, kabla ya chakula cha mchana, nilikuwa nafuta kioo cha kabati niliposikia gari likifunga breki nje, kisha lingine. Ng'ambo ya barabara, karibu na kituo cha basi, alisimama mwanamke aliyevaa kitenge na koti la baridi. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wa sokoni uliotoboka chini, na kwenye tundu ulichungulia mtutu mweusi. Askari wanne walikuwa wamejikinga nyuma ya milango ya magari yao. Hawa hawakuwa wale wa kila siku wenye virungu. Walishika bunduki, na wote walikuwa wakipiga kelele kwa pamoja.

Baadaye tulijua kwamba alikuwa amepanda basi kutoka Perry Barr na mfuko ule mapajani, na abiria mmoja alikuwa amepiga simu.

Aligeuka kuwatazama. Kisha akainua mfuko juu ili wauone, na mkono wa pili ukaanza kuingia ndani yake.

"Mi narudisha tu," alikuwa akisema kwa sauti iliyofika hadi dukani. "Narudisha kwa duka."

Meneja alinishika mkono. "Ruth, usitoke." Nilijichomoa, nikafungua mlango, nikasimama kwenye kizingiti mikono yangu ikiwa juu. Askari mmoja aliniamuru nirudi ndani. Sikurudi, wala sikumtazama.

"Mama," nikaita. "Mama, toa mkono kwenye mfuko."

Alisikia lugha, akanitafuta kwa macho.

"Wanasema nini? Mi sisikie Kizungu chao."

"Wanafikiri ni bunduki ya kweli. Toa mkono polepole. Usioneshe kitu. Weka mfuko chini."

"Ni ya mume wangu. Mi sitaki ikae kwa nyumba."

"Najua, mama. Mimi ndiye niliyemuuzia. Niangalie mimi, usiwaangalie wao. Fanya kama mimi."

Nikapiga magoti pale mlangoni, kwenye saruji iliyolowa. Nikaweka mikono chini, nikaiinua tena ikiwa mitupu. Alinitazama, akauchomoa mkono. Kisha naye akainama. Mfuko ukagusa lami. Akapiga magoti, akainua mikono. Askari wakamwendea mbio, wakamlaza kifudifudi. Hakulia. Alifumba macho na kukaza midomo, na nikaelewa kwamba huko alikotoka alishawahi kulazwa chini namna ile.

Walimwachilia jioni ile ile, baada ya mumewe kuja na risiti na mimi kuandika maelezo yangu. Mama Neema, ndivyo alivyoitwa, aliikuta bastola chini ya nguo za baridi wakati akitafuta blanketi. Jina la duka lilikuwa kwenye boksi, na boksi alilitupa kwa hasira. Hakungoja mumewe arudi kutoka kazini, kwa sababu hakuweza kukaa na kitu kile chini ya paa moja na watoto wake hata saa moja zaidi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwao. Baba Neema alikuwa ameketi pembeni, kainamisha kichwa. Mama Neema alinipa kiti na chai, akangoja niinywe hadi nusu.

"Wewe ni mama kama mimi," akasema. "Ile siku alikuwa anachagua, ulikuwa unafikiri nini?"

Nilimjibu ukweli usionipa heshima.

"Nilikuwa nafikiri kama inamtosha mkononi."

Akatikisa kichwa polepole. Hakunitukana. Alinijazia kikombe, na watoto wakaingia wakiongea Kiingereza.

Tangu hapo sikumuuzia mtu bastola ya kwanza kabla ya kumuuliza kama walio nyumbani wanajua, na nani atakayefungua kabati yeye akiwa hayupo. Wengine walicheka. Wengine waliondoka kwa hasira wakaenda kwingine, na Meneja Mpya, aliyekuja baada ya yule wa kwanza, aliniita ofisini mara mbili kunikumbusha kwamba mimi ni mwuzaji, si kasisi. Nilimwitikia vizuri, nikarudi kaunta kuuliza swali lile lile. Lakini sikutulia. Kila king'ora cha polisi kilichopita nje kilinifanya niwahesabu kichwani wateja wa wiki ile. Nilikuwa nikifanya hivyo hata siku niliyokabidhi funguo.

Tangu nistaafu, watu huniuliza kama kazi ile ilinifunza ujasiri. Haikunifunza. Ilinifunza kuogopa mapema, kabla mteja hajafika mlangoni.

Sasa kila Alhamisi asubuhi, katika ukumbi wa kanisa, nawafundisha Kiingereza akina mama waliofika karibuni. Wazo lilikuwa la Mama Neema. Mara ya kwanza nilikuwa nimeandaa salamu na majina ya mboga. Yeye, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, aliinua mkono.

"Salamu watajifunza kwa basi," alisema. "Anza na yale maneno ya siku ile."

Nikayaandika ubaoni. Simama. Weka chini. Onesha mikono. Nikayasoma kwa Kiingereza taratibu, kama mwalimu.

"Hapana," akasema. "Hawasemi hivyo."

Akasimama, akaenda nyuma ya wenzake hadi mwisho wa ukumbi, mahali wasipomwona. Akavuta pumzi, kisha akayatamka kwa sauti kubwa ya ukali, moja juu ya jingine, kama mimi naye tulivyoyasikia siku ile barabarani. Wanawake kumi na wanne walishtuka vitini. Mikoba ikateremka sakafuni, na mikono ikapanda polepole. Mimi nami niliinua yangu pale ubaoni, chaki ikaniponyoka.

Akangoja hadi mkono wa mwisho ulipofika juu.

"Tena," akasema.