Betri Haipimwi Ikiwa Imepumzika

Ipo siku moja iliyokataa kunitoka, mwanangu, ingawa nimehama miji mingi tangu wakati ule na kila mji nimeacha kitu. Ilikuwa Jumatatu mjini Bunda. Upepo ulikuwa unasukuma vumbi la barabara ya Musoma mpaka kwenye baraza la duka la mbegu, pale tulipokuwa na meza yetu ya kutengeneza tochi na redio. Nasema yetu, lakini meza ilikuwa ya Mzee Mafuru. Mimi nilikuwa fundi wake, kijana wa miaka ishirini na saba aliyemaliza kidato cha nne na kudhani amemaliza na mengine yote.

Nilikuwa nimekaa pale miezi minane. Kwangu ilikuwa mingi. Kabla ya hapo nililima Suguti kwa wajomba, nikachoka. Nikapakia samaki mwaloni Musoma, nikachoka. Nikauza viatu Sirari, nako nikachoka kabla viatu havijaisha. Waliosema mtembezi hula miguu yake nadhani walinijua. Na siku hiyo nilikuwa nimeshaamua tena: Jumanne asubuhi ningepanda basi kwenda Musoma, na kutoka Musoma ningejua mbele kwa mbele. Mzee alikuwa msibani Nyamuswa, angerudi kesho yake. Nilikaa pale mezani nikitazama magari yanayoelekea ziwani, na kila lililopita niliona kama limeniacha mimi.

Ndipo akaja Masatu, mtoto wa shangazi yangu. Masatu alikuwa anachimba dhahabu upande wa Butiama, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, yale wanayoyaita maduara. Unashuka kwa kamba mpaka mwanga wa juu unabaki kama sahani, kisha unaingia njia ya pembeni, ambako hata hiyo sahani huioni. Huko mtu anakwenda na tochi ya kichwani, na mwenye akili anakwenda na mbili. Masatu alikuwa nazo mbili, na betri za zote mbili nilimwekea mimi mwezi mmoja nyuma.

"Fundi mkubwa," akaniambia, akiweka tochi moja mezani, "kazi yako imenishinda."

"Imefanyaje?"

"Huku juu inawakaga kama taa ya lori. Nikishuka, nikigonga mwamba kidogo tu, inazima. Nikipanda, inawaka. Chacha anasema dhahabu imeikataa."

"Chacha ndiye nani?"

"Mwenzangu, anayenishikiaga kamba."

"Mwambie Chacha dhahabu haijui tochi."

"Basi iambie tochi," akasema, akavuta kigoda.

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu liko hapa. Betri zile ni za lithiamu, za kuchaji, nene kidogo kuliko zile za redio. Tulikuwa tunazitoa kwenye betri mbovu za kompyuta za mkononi. Ukipasua ganda lake unakuta sita zimepangwa, na mara nyingi zilizokufa ni mbili tu. Kazi ya fundi ni kujua zipi zimekufa, zipi zinaumwa, na zipi zinaigiza uzima. Hizo za tatu ndizo mbaya. Iliyokufa haina madhara, utaitupa.

Nikatoa betri ya Masatu, nikaiweka kwenye chaji. Haikumaliza hata dakika ishirini, taa ya chaji ikageuka kijani. Nikafurahi. Nikaigusa kwa mita: volti nne nukta moja. Betri ya namna hii ikijaa kabisa inasoma nne nukta mbili, kwa hiyo nilichokiona kilikuwa kizuri. Nikapima na ile ya tochi ya pili, aliyoitoa mfukoni, nayo nne nukta moja, kama pacha. Na kweli zilikuwa pacha, nilizitoa ndani ya ganda moja.

"Betri zako nzima," nikamwambia. "Tatizo ni swichi. Vumbi la shimoni limeingia."

"Una uhakika, Manyama? Kesho nashuka mapema."

"Mita haijui undugu, binamu. Inasema kilichopo."

Nikasugua swichi kwa msasa, nikavuta springi ili ibane, nikaiwasha. Ikawaka mpaka muuza mbegu akaficha macho. Masatu akanishukuru, akanipa salamu za shangazi, akaondoka. Nami nikafunga meza saa kumi jioni, mapema kuliko kawaida, nikaenda kukata tiketi.

Nyumba njema si mlango, mwanangu. Mzee Mafuru alikuwa amenifundisha kwamba betri haipimwi ikiwa imepumzika. Alikuwa na balbu ya taa ya mbele ya pikipiki, ameiunganishia nyaya mbili. Betri yoyote kabla haijatoka mezani ilifungwa kwenye balbu hiyo dakika kumi, huku mita imeshikizwa na mzee ameketi anaitazama. Hakuwa anafanya kingine. Hakuwa anazungumza na simu wala kuhudumia mteja mwingine. Hiyo aliiita kuitwika betri mzigo. Mimi dakika kumi zile zilikuwa zinanila. Niliona ni uzee tu. Na alipokuwa hayupo, sikuzitoa kwa mtu yeyote, hata kwa mtoto wa shangazi.

Jumanne saa mbili asubuhi nilikuja mezani na begi begani, kuaga. Mzee alikuwa amefika kutoka Nyamuswa, bado na nguo za msiba. Nikamwamkia, akaitikia, akalitazama begi. Kisha akauliza kama alivyokuwa anauliza kila anaporudi safari:

"Jana umehudumia nani?"

Nikamweleza. Redio moja, simu ya mwalimu, na tochi ya Masatu inayozima chini na kuwaka juu.

"Inazima chini na kuwaka juu," akarudia polepole. "Na chaji yake ilichukua muda gani?"

"Ilijaa haraka, mzee. Haikufika dakika ishirini."

"Kibuyu kinachojaa haraka ni kidogo, au kina mawe ndani. Uliitwika mzigo?"

Nikarekebisha mkanda wa begi.

"Nakuuliza, kijana."

"Nilipima kwa mita. Nne nukta moja."

"Betri ikiwa imekaa." Akaanza kukusanya vitu vyake mezani: mita, ile balbu, na tochi yake mwenyewe ya kichwani. "Mgonjwa wa kifua akilala usingizi hakohoi. Mpandishe mlima ndipo utamsikia. Mpigie huyo ndugu yako."

Nikapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena na tena. Baadaye nilijua ilikuwa inaita ndani ya koti lake, lililotundikwa kwenye mti wa kufungia kamba, juu ya shimo, na mwenye koti yuko chini.

Mzee alikuwa na pikipiki iliyochoka kama mimi. Tulipita barabara ya lami mpaka Kiabakari, tukakata kuelekea Butiama, mimi nyuma nimekumbatia begi nililosahau kuliacha. Wewe hujui mwendo wa pikipiki ya mtu mzima. Kila tuta alilipunguzia mwendo. Kila ng'ombe aliyevuka alimngoja mpaka mkia upite. Moyo wangu ulikuwa unakimbia mbele yetu, na nilitamani kushuka nikimbie kwa miguu, ingawa nilijua ningechelewa zaidi. Nilijiambia labda hajashuka, labda amelala. Nilijiambia tochi ziko mbili. Halafu nilikumbuka kwamba mbili zile zilikuwa tumbo moja, na zilizochoka pamoja huanguka pamoja.

Tulipofika duarani tulimkuta mtu mmoja mpana wa mabega ameketi ukingoni, kamba ya ishara, ambayo ncha yake iko kwa Masatu, imezungushwa mkononi. Ndiye Chacha. Alituambia bila kugeuka:

"Msikanyage mchanga, utaporomoka."

"Masatu yuko wapi?" nikauliza.

"Chini. Tangu saa moja. Amevuta kamba mara mbili, kisha akanyamaza. Mara mbili ni kwamba amekosa mwanga. Nimemtuma mtu kijijini kutafuta tochi, zetu zote anazo Masatu."

"Kwa nini asitambae kufuata kamba?"

Hapo ndipo Chacha alinitazama. "Kati yake na kamba ya kupandia kuna shimo lingine, la watu wa zamani, refu kuliko hili. Ukiwa na mwanga unalipita kwa ubao. Bila mwanga unakaa. Hiyo ndiyo sheria ya hapa: tochi ikizima, unaweka mgongo kwenye mwamba, unakaa mpaka ufuatwe. Anayetafuta njia gizani tunamtafuta sisi baadaye."

Mzee Mafuru akampa tochi yake. "Hii nimeitwika mimi mwenyewe," alisema. Chacha akaivaa, akafungua kamba mkononi, akaniwekea mimi. "Ishike hivi. Usiivute, usiilegeze. Na usitembetembee, maana ukitembea nitadhani ni yeye anaita. Kaa." Kisha akashuka kwa kamba ya kupandia, ile iliyofungwa mtini.

Nikakaa, mwanangu. Sijawahi kukaa vile kabla ya siku hiyo. Jua lilikuwa limeniangukia kisogoni, nzi wananitembelea usoni, na miguu yangu ilikuwa inawasha kutaka kusimama. Kila dakika nilimwona Masatu akichoka kungoja. Nilijiweka mahali pake nikajua mimi nisingeweza: ningenyanyuka, ningepapasa, ningehesabu hatua, ningekanyaga pale ambapo ubao haupo. Uhai wake wote ulikuwa umeegemea jambo moja tu ambalo mimi sikuwa nalo. Mzee alikuwa ameketi pembeni yangu, hakunisemesha. Nadhani aliona kamba inanisema vya kutosha.

Kamba ikatikisika mara tatu. Chacha akaita kutoka chini, sauti inakuja kama ya mtu aliye ndani ya pipa: "Vuta." Tukavuta kamba ya kupandia, mzee na mimi, mpaka mikono ikachubuka. Kilichotangulia kutokea ni mikono miwili ya udongo, kisha uso wa Masatu, macho amefumba kwa sababu ya jua. Akajilaza chini kifudifudi. Kisha akageuka akaniona.

"Fundi mkubwa," akasema. "Kumbe wewe na betri zako ni ndugu. Mnang'aa sebuleni."

Chacha naye alipopanda, akaivua tochi iliyokuwa kichwani pa Masatu, akabonyeza. Ikawaka palepale, nyeupe, kali, mchana kweupe. Chacha akaishusha kama mtu aliyeshika nyoka. "Mmeona? Si nilisema? Dhahabu imeikataa."

Nami, Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka kwa furaha. Kwa dakika moja nilitaka kukubali. Kama dhahabu imekataa, basi si mimi.

"Toa betri," Mzee Mafuru akaniambia. "Pima, wote waone."

Nikapima. Tatu nukta tisa. Bado ilikuwa inajisifu. Akanipa balbu ya pikipiki. Nilipogusisha nyaya, balbu ikawa nyekundu kama kaa la mkaa, na namba kwenye mita zikaanza kuanguka. Tatu nukta moja. Mbili nukta tisa. Mbili nukta sita, na lile kaa likafifia. Betri ikapata moto vidoleni mwangu. Nikaondoa nyaya, na huku tunatazama namba zikaanza kupanda tena polepole, tatu nukta tano, tatu nukta saba, kama mtu aliyeangusha mzigo wa watu na sasa anajikung'uta vumbi.

"Ikipumzika inajikusanya," mzee alimwambia Chacha kwa upole. "Ikibeba kazi inaanguka, na tochi ikiona imeanguka inajizima. Hakuna jini hapo." Kisha akanigeukia, na upole ukaisha. "Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Musoma."

"Musoma ilikuwa inahama?"

Masatu alicheka, na kicheko kikawa kikohozi, na kikohozi kikawa kilio. Mtu mzima, mbele yetu wote. Chacha alimfunika koti lake. Mimi nikaenda kusimama mbali kidogo, kisha nikarudi nikakaa karibu yake, mpaka alipotulia.

Sikwenda Musoma wiki ile. Nilikaa kwa Mzee Mafuru miaka miwili mingine, nikaitwika kila betri iliyopita mkononi mwangu, na zile dakika kumi hazikuwahi kuwa fupi. Sitakudanganya kwamba nilipona. Baadaye niliondoka tena, na hata leo nikiamka mji mmoja zaidi ya mwaka nasikia barabara inaniita jina. Masatu ana watoto wanne sasa, analima mihogo, na taa za nyumbani kwake hazizimwi kabla hajalala.

Basi, mwanangu, nakuambia wazi. Betri inayojaa haraka mno, itilie shaka. Iliyojaa, iache ilale, uipime kesho. Ikiwa imeshuka bila kazi, inavuja ndani. Iliyoshuka chini ya volti mbili usiishtue ili ifufuke, maana inayofufuliwa hivyo inaweza kushika moto ikiwa kichwani kwa mtu. Na yoyote unayotaka kumpa mwenzako, itwike kwanza, ukae uitazame mpaka mwisho. Usiseme nzima kwa sababu imesoma vizuri ikiwa imekaa. Vivyo hivyo rafiki, mchumba, na hata nafsi yako: usijisifu kwa ulivyo siku usiyobeba kitu. Na neno "nina uhakika" usilitoe mdomoni kwa sababu una gari la kuwahi.

Mungu akupe mikono myepesi na makalio mazito. Akupe moyo wa kukaa dakika kumi ambazo hakuna atakayekushukuru kwazo. Na wote wanaoshuka gizani wakiamini neno lako, awapandishe salama, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.