Baba Alipochimba Zamu ya Mama

Juzi nilikuwa soko la Gakoromone nikitafuta ndizi za kupika, harufu ikanishika nikasimama katikati ya njia, watu wakinipiga vikumbo. Mama mmoja alikuwa amefungua gunia la kamba wakavu, wale wa baharini wenye masharubu, na hakuna aliyekuwa akinunua. Nawaambieni ukweli, machozi yalinitoka hapo hapo, na ubibi wangu huu. Ile ndiyo iliyokuwa harufu ya baba yangu.

Baba alikuwa Mmeru wa mlimani aliyeteremka pwani akiwa kijana, akaanza kama mpishi katika boti ya kuvulia kamba, na miaka ilipopita akawa nahodha wake. Alivua kule Mto Tana unakomwagikia baharini, na kila alipokuja likizo alituletea kifurushi. Nyanya, mamake baba, aliwaita kamba wale nzige wa maji. Kwetu hata samaki alihesabiwa ndugu wa nyoka, kwa hiyo chungu cha kamba kilikaa nje, na sisi tuliowala tulikaa nje nacho. Baba alicheka tu. Alisema maji ya Tana huko chini ni mekundu kwa udongo wa mashamba yetu, na kamba hunenepa kwenye tope hilo.

"Mama, hawa wamekula shamba lako," alimwambia. "Na wewe uwale."

Nyanya alitema mate.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipopambana na wapiganaji wa msituni. Nyumba zetu zilichomwa, tukasongamanishwa katika kijiji kimoja ndani ya uzio, na wanawake wakaamrishwa kuchimba handaki kandokando ya msitu ili wapiganaji wasipelekewe chakula. Kila asubuhi hedimani, msimamizi wa kijiji aliyewekwa na serikali, alipuliza filimbi na kuita majina kutoka kitabuni. Mwaka wa kwanza mama alichimba akiwa mjamzito, na mtoto yule akatoka kabla ya wakati, hapo hapo udongoni. Baba alipokuja, mama alikuwa mjamzito tena, wa miezi minane, na jina lake lilikuwa bado kitabuni.

Pasi ya baba, kibali chake cha kusafiri, ilikuwa ya siku tatu. Asiporudi, boti ingepewa mtu mwingine na yeye angefungwa. Lakini mimi nilikuwa na miaka minane na nilijua jambo moja tu: aliniahidi kwamba safari hiyo ningekwenda naye nikaione boti. Nguo zangu nilishazifunga kwenye leso.

Asubuhi filimbi ilipolia, mama alichukua jembe. Baba akaushika mpini.

"Lete hilo, Mama Kagendo," akasema, akimwita kwa jina langu.

"Ari," mama akakataa kwa Kimeru. "Watakucheka. Hakuna mwanamume kule."

"Wacheke. Bahari ilinicheka kabla yao."

Nikamfuata. Hedimani alimtazama juu hadi chini. "Wewe, hii ni kazi ya wamama. Kitabu iko na jina ya bibi yako, si yako."

"Basi weka alama kwamba amefika," baba akasema. "Mikono yake ndiyo hii."

Wanawake walicheka wakiziba midomo. Watoto wenzangu walinifuata wakisema baba yangu amekuwa mama, nami nikaona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Kuimba kulikatazwa pale, maana nyimbo zetu ziliogopwa kuliko panga. Walichimba kimya, kila mmoja na uchungu wake. Baba alivumilia kidogo tu, kisha akatoa mwito wa kuvutia nyavu.

"Wavu wa nani?"

Wanawake wakatazamana.

"Jibuni 'wetu'," akasema. "Ndivyo tunavyovuta. Wavu wa nani?"

"Wetu!" akajibu Gacheri, jirani yetu mjane.

"Mzito?"

"Mzito!"

"Mwauacha?"

"Hatuuachi!" Sasa walijibu wengi, na majembe yakashuka pamoja.

Hedimani alikuja mbio. "Nyimbo imekatazwa!"

"Hii si nyimbo, ni kazi. Ukitaka handaki, tuache. Ukitaka kimya, chimba mwenyewe."

Hedimani aliangalia handaki, akaangalia majembe yale yote, akarudi kivulini.

Siku ya nne niliketi mlangoni na kifurushi changu. Baba akatoka na jembe. Mama alimshika mkono akilia, akimsihi aende zake asije akapoteza kila kitu.

"Nahodha haachi usukani wavu ukiwa majini," akajibu.

Nikaitupa leso yangu miguuni pake, nikamwita mwongo. Aliiokota, akaikung'uta vumbi, akanirudishia, akaenda.

Alichimba siku tisa zaidi. Ndugu yangu Mwenda akazaliwa ndani ya nyumba, mzima, akipiga kelele. Kesho yake askari walikuja kumchukua baba kwa kuvunja pasi. Walimpitisha kando ya handaki, mikono imefungwa, naye akaita kwa sauti yake yote, "Wavu wa nani?" Wote walimjibu, hata waliomcheka siku ya kwanza, na hedimani alipuliza filimbi yake bure.

Baba alirudi kutoka kifungoni wakati Mwenda ameshaota meno na anakimbia. Boti ilikuwa na nahodha mwingine, na baba hakuiona bahari tena. Alilima nduma mpaka kufa kwake. Kwa miaka mingi nilisema ukaidi wake ndio uliotuzamishia boti. Kisha nikabeba mimba yangu ya kwanza, na katika mwezi wa nane niliinama kuokota jembe shambani nikashindwa kuinuka. Nilibaki nimepiga magoti, nikaelewa kwamba baba alijua yote tangu asubuhi ile ya kwanza, kabla hajaugusa mpini.

Kamba wa Gakoromone niliwanunua, nikampikia Mwenda, ambaye sasa ni mzee mwenye upara. Akaziba pua kama Nyanya na kuuliza wadudu gani hawa.

"Kula," nikamwambia. "Wanaosema baba alinyang'anywa boti hawajui kitu. Aliibadilisha na wewe, na hakuwahi kusema kwamba alipunjwa."