Umaarufu Wetu wa Filamu

Tulikuwa wasichana watatu wa Mtopanga: mimi, binti wa khalati wangu, dada yake mamangu, na mwenzetu wa bara ambaye babake alikuwa mlinzi kwenye hoteli moja ya Nyali. Tulikuwa tukiimba harusini, upande wa wanawake, baada ya wageni kula na kabla ya bi harusi kutolewa. Kikundi chetu hakikuwa na jina. Mtu akitutaka alimwendea khalati akamwambia, "Nipatie wale watoto wako," naye khalati alikubali au alikataa kwa niaba yetu, kwa kuangalia heshima ya nyumba iliyotuita.

Binti khalati ndiye aliyekuwa na sauti. Sisi wawili tulimpokea tu kwa kiitikio. Alianza chini, kama mtu anayezungumza na jirani dirishani, halafu akapanda taratibu, na wewe uliyesimama kando yake ukahisi mbavu zake zikifunguka. Nilizoea kuimba bega langu likigusa lake. Hivyo nilijua lini atavuta pumzi, nami nikavuta pamoja naye.

Siku moja kwenye harusi ya Kisauni alikuwepo mwanamke kutoka Nairobi, rafiki ya bi harusi, mwongozaji wa filamu. Alikuwa na hadithi ya wasichana watatu wa pwani wanaoanza kuimba uani kwao mpaka wanavuma nchi nzima, na alikuwa amehangaika muda mrefu kutafuta wa kuigiza. Alipotusikia aliacha sahani ya pilau mkekani, akaja kusimama mbele yetu na mafuta mikononi.

Kesho yake alifika nyumbani kwa khalati. Alivua viatu, akamwamkia shikamoo, akakaa, akaeleza. Khalati alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, kuimba mbele ya wanawake wenzao ni jambo moja," alisema. "Hiyo kamera yako ina mlango? Mwenyewe utachagua nani aingie na nani abaki nje?"

"Haina mlango, mama. Kila mtu ataona."

Nadhani khalati alikubali kwa sababu mwongozaji hakumdanganya. Khalati akatoa masharti: tuvae madera na mitandio, mwanamume yeyote asitushike hata kwa kuigiza, na ikiadhiniwa magharibi tuwe nyumbani. Mwongozaji alikubali yote. Mwenzetu wa bara, ambaye si Mwislamu, akauliza kama masharti yanamhusu na yeye.

"Wewe si mwanangu?" khalati akamjibu, na mambo yakaishia hapo.

Basi tukaanza. Tulidhani kuigiza ni kazi ya raha. Siku ya kwanza tulipelekwa kwenye timbo la mawe huko Mwakirunge, tukasimamishwa juu ya ukingo mweupe, jua likituchoma kwa juu na jiwe likituchoma kwa chini. Wimbo tulikuwa tumeurekodi tayari. Ulipigwa kwenye spika nasi tukatakiwa kufuatisha midomo. Binti khalati hakuweza. Kila wimbo ulipopigwa upya aliuimba vingine, akavuta mahali alipokuwa amekata, akakata mahali alipokuwa amevuta.

"Fuata ulivyoimba jana," mwongozaji alimsihi.

"Jana nilikuwa na mambo mengine moyoni, dada."

Mwenzetu wa bara alicheka mpaka akakaa chini. "Aki huyu hajui hii ni filamu!" Mwisho mwongozaji alikata shauri arekodiwe papo hapo, na sisi tumpokee papo hapo, kama harusini.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya Likoni. Kwenye hadithi, ile ilikuwa ndiyo siku kikundi kinapopata umaarufu: ukumbi umejaa, watu wanashangilia. Tulivuka feri asubuhi na madera yetu ya kijani mikononi, yamefunikwa leso yasichafuke. Majirani wa pale walikuwa wamealikwa waje wawe hadhira, na wakaja kwa wingi, akina mama, wazee wenye kofia, mabinti waliojipamba wakitumaini kuonekana. Mwongozaji aliwaeleza kwamba akiinua mkono, wote wapige makofi na vigelegele.

Binti khalati akaanza. Ulikuwa wimbo wa msichana anayemuaga mamake. Alipofika pale pa kupanda, niliona mwongozaji ameinua mkono. Hakuna aliyepiga kofi. Aliupunga. Ukumbi ulikuwa kimya, na mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Tuliimba mpaka mwisho katika ukimya ule.

Mwongozaji akasimamisha kamera. "Jamani, mbona hamkushangilia?"

"Tulikuwa tukisikiliza, mwanangu," yule mama akasema, akijipangusa macho.

Ikabidi turudie. Mara ya pili walishangilia vizuri sana, wengine wakasimama kwenye viti, na ndiyo iliyowekwa kwenye filamu. Lakini mimi, mtu akiniuliza kama niliwahi kuwa maarufu, ile ya kwanza ndiyo jibu langu.

Filamu haijakwisha, viza ya binti khalati ikatoka. Alikuwa ameomba kazi ya nyumbani Uarabuni kabla hatujamjua huyo mwongozaji. Babake alikuwa ameumia bandarini na hafanyi kazi tena, na wadogo zake walikuwa bado shuleni. Aliniambia tukiwa uani tunaanua nguo.

"Na filamu je?"

"Itaisha. Nyinyi mpo."

"Mwambie ajenti asubiri kidogo."

"Hawasubiri. Usipokwenda, humchukua mwingine." Alikunja shuka, akaniwekea mikononi. "Usinitazame hivyo. Inshallah ni miaka miwili tu."

Tulimsindikiza uwanja wa ndege, sisi na khalati. Hakuna aliyeimba. Mwongozaji alibadilisha mwisho wa hadithi kadiri alivyoweza. Tamasha la mwisho, lile la ushindi, lilipigwa picha kwa nyuma, na msichana mwingine akavaa lile dera la kijani. Sauti ilitolewa kwenye siku ya Likoni.

Filamu ilipotoka ilionyeshwa kwenye jumba la sinema la Nyali. Khalati hakuwahi kuingia sinema maishani mwake, lakini alivaa buibui lake jipya, akajifukiza udi, akaja. Alikaa kati yangu na mwenzetu wa bara. Kulikuwa na mahali kwenye hadithi ambapo mama wa yule msichana, mwigizaji tusiyemjua, anamwita kutoka jikoni, naye binti khalati anaitika, "Abee, mama!"

"Yuwaitika," khalati akasema kwa sauti, gizani, watu wakageuka. "Mwasikia? Yuwaitika." Akanishika mkono na hakuuachia tena.

Tamasha la mwisho likafika. Wasichana watatu jukwaani, umati kama bahari, taa, makofi. Watu wa Mtopanga waliojaa mle ndani walipiga vigelegele vya kweli. Khalati alisogea mbele kwenye kiti.

"Huyo siye," akaninong'oneza. "Mwanangu hana mabega kama hayo."

Baada ya hapo tulialikwa harusi nyingi. Watoto barabarani walituita kwa jina la kikundi cha filamuni. Tulijaribu kuimba wawili, lakini sisi tulifundishwa kupokea, na kila mmoja akawa anamngoja mwenziwe aanze. Mwenzetu wa bara alihamia Nairobi, sasa huigiza kwenye runinga, na namuona akiwa daktari, au mke mbaya wa mtu. Mimi nafundisha watoto wadogo Kisauni.

Miaka miwili ikawa minne. Binti khalati alipokuja likizo alikuwa amenenepa kidogo na anazungumza polepole. Tulikaa chumbani kwa khalati tukaangalia filamu kwenye kompyuta yangu. Alicheka kwenye timbo, akayacheka madera. Ilipofika Likoni aliacha kucheka. Alisogeza uso karibu na skrini, akajitazama akiimba kama mtu anayemtazama mdogo wake.

"Kule huwa waimba?" nikamuuliza.

"Kwenye nyumba ya watu?" Alitikisa kichwa. "Nikiwa peke yangu nikipiga pasi, labda. Kidogo."

"Imba sasa basi. Tupo sisi tu."

Alifungua mdomo, wallahi niliona kifua kimejaa, nami nikavuta pumzi yangu. Kisha akaitoa ile pumzi bila sauti, akaniegemea. "Nikianza sitaondoka," alisema.

Akaondoka wiki iliyofuata. Hupiga simu Ijumaa, akaniuliza nani kaolewa na nani kazaa. Harusini bado naalikwa, naenda, nakaa mkekani na wageni wengine, na wasichana wapya wakianza kuimba, najikuta nimemuachia nafasi ubavuni mwangu.