Kilema Kisemwe Kabla ya Kamba

Baba yangu alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani Mhunze, kwetu Usukumani. Zaidi ya miguu mirefu, alichoniachia ni sauti. Alikuwa anasimama katikati, muuzaji mkono huu, mnunuzi mkono ule, ng'ombe mbele yao, halafu anapaza sauti mpaka wauza chai wanageuka: "Huyu anapiga teke akikamuliwa! Umesikia wewe? Na wewe mwenye ng'ombe, umesikia kwamba nimemwambia?" Wakishajibu wote wawili ndipo anaruhusu bei itajwe. Kwake hiyo ilikuwa sheria, kilema kisemwe kabla ya kamba kutoka mkononi. Na bei ikishakubaliwa, kamba inafunguliwa shingoni, muuzaji anaondoka nayo. Mnunuzi aje na kamba yake. Baba alikuwa anasema ukiuza ng'ombe pamoja na kamba umeuza na zizi.

Shule niliishia darasa la tatu. Sioni aibu, nyumba ninayoandikia haya niliijenga mwenyewe, na waliofika chuo wamepanga vyumba vyangu. Nilikuja Geita kijana, nikachimba, nikaona kuchimba ni kazi ya kuzikwa ungali mzima, nikaacha. Nilikuwa nimeshawajua watu. Mgeni akishuka na begi lake anatafuta chumba, mimi najua cha nani kinavuja, cha nani mwenye nyumba ni mlevi. Nikaanza na vyumba, nikaingia kwenye viwanja. Ofisi sikuwa nayo. Nilikuwa na kamba ya katani ya kupimia viwanja, yenye fundo kila baada ya hatua kumi, na sauti ya baba.

Mtaa wetu wa Kalangalala wa siku zile ukiuona leo huwezi kuutambua. Kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na mihogo. Mipaka ilikuwa minyaa, na mnyaa ukihamishwa kwa hila majirani wote wanajua, kwa sababu utomvu unabaki kwenye nguo za aliyehamisha. Jioni mtaa mzima unanuka sato wa kukaanga, unapita unakaribishwa mpaka unafika kwako umeshiba. Ulikuwa humuuzii mtu kiwanja halafu ukapotea. Aliyenunua leo, kesho mko naye kwenye msiba mmoja mnapasua kuni.

Sasa juzi kijana mmoja, naye dalali, alikuja kupiga picha nyumba ya jirani yangu inayouzwa. Alizunguka ukuta mara mbili akitafuta upande usio na ufa. Nikamwambia, "Kijana, ufa uko huku."

"Shikamoo, mzee. Naujua. Ndiyo maana napiga kule."

"Marahaba. Wewe ni wa muuzaji?"

"Wa wote."

"Na bei umepewa na mwenye nyumba?"

Akacheka. "Nimepewa, nikaweka cha juu. Mzee, si na nyie mlikuwa wa wote? Si mlikuwa mnakula kote?"

Nilikula kote. Sikatai. Muuzaji ananipa changu, mnunuzi ananipa changu, na kila mmoja anajua mwenzake amenipa, kwa sababu wananipa wakiwa wamesimama pamoja. Lakini yule kijana alidhani kuwa wa wote ni kitu chepesi. Basi nikamhadithia siku iliyonipa kazi kuliko zote. Alisikiliza nusu, simu ikaita akaondoka. Nusu ya pili naiandika hapa.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwangu. Kwao Mhunze, kama kwetu, kwa hiyo alikuwa ananiita kaka. Mume alikuwa mchimbaji, ameshafariki, na watoto wako na maisha yao. Alitaka kuuza arudi nyumbani, lakini hakutaka kulala nyumbani kwa kaka zake. "Dada anayerudi na mkoba," alikuwa anasema, "anapewa chumba cha kuku." Alitaka afike na pesa ya kujenga nyumba yake mwenyewe, ya bati, yenye baraza. Baraza hiyo aliizungumzia sana. Alikuwa anajua mpaka upande ambao kiti chake kitakaa.

Mnunuzi nilimpata mimi. Mfugaji kutoka kijiji cha Didia, mtu mzima, mkewe pamoja naye. Walikuwa wameuza karibu zizi zima ili wajenge mjini. Unaelewa hapo? Mtu wa kwetu akikuambia ameuza ng'ombe akabakiza ndama, hajanunua kiwanja, amejihamisha roho.

Asubuhi moja kabla wageni hawajaja, mjane akanikaribisha uji. Akafunga mlango wa uani. Akasema, "Kaka, nikuambie kitu, kiishie hapa. Nyuma ya jiko kuna duara."

Duara ndilo jina ambalo wachimbaji wanalipa shimo lao. Marehemu alikuwa amejenga kibanda, akawaambia majirani anachimba choo, kumbe anafuata mwamba wa dhahabu. Alipougua wakalifukia kwa magogo, taka na kifusi. Kila mvua zikinyesha ardhi ilikuwa inazama kidogo, na yeye anaongeza udongo, anapanda mpapai, mpapai unalala upande.

"Na kitu kingine," akasema, "mnunuzi akinibana sana kwenye bei nitashuka. Nimechoka na mji huu. Nataka niondoke kabla ya mvua."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Dada, umenipa vitu viwili. Kwamba umechoka na utashuka, hiyo ni ya tumboni mwako, nitakufa nayo. Lakini shimo si lako. Shimo ni la kiwanja. Hilo litasemwa."

"Nimekuambia kama kaka!"

"Ndiyo, na ninakujibu kama kaka. Mwenzio ataweka ukuta pale. Watoto watalala chini ya ukuta huo."

"Atashusha bei. Baraza yangu itatoka wapi?"

"Sijui."

"Wewe ni wa kwangu au wa kwake?"

Akamwaga uji wangu uani, mbele yangu, akaniambia madalali wamejaa mjini kama inzi. Nikaondoka. Na kweli walikuwepo. Angeweza kumwita yeyote kati yao, na kufika jioni angekuwa ameuza. Nilikaa kwangu najiuliza, mnunuzi huyu nimemleta mimi, akiuziwa na mwingine nitamfuata Didia nimwambie? Ningemfuata. Halafu huyu mama angeshika nini? Hapo ndipo ubaya wa kuwa katikati. Ukivuta huku unamkata wa kule.

Kesho yake akatuma mtu aniite. Nilipofika hakunisalimu. Akasema tu, "Leta watu wako tupime."

Tulipima kama nilivyozoea. Muuzaji anashika ncha moja ya kamba, mnunuzi ncha nyingine, mimi natembea katikati nahesabu mafundo kwa sauti. Mke wa mnunuzi alikuwa anatufuata nyuma, mwanamke mnene mwenye maneno. Anagonga kila mti kwa fimbo. "Huu mwembe unazaa au unapunga upepo tu?" Mumewe anamwambia anyamaze, yeye anamjibu, "Ng'ombe zilikuwa zetu wote, na macho yawe ya wote."

Tukamaliza upande wa barabara, upande wa jirani, tukafika nyuma ya jiko. Mpapai umelala. Nikasimama. Mjane naye akasimama, kamba ikalegea. Nilimpa nafasi. Nilitaka aseme yeye, kwa sababu kilema kikisemwa na mwenye mali kinakuwa kidogo, na kikisemwa na dalali kinakuwa kikubwa. Alikuwa anaangalia mpapai. Nikavuta pumzi ya baba: "Hapa kiwanja kina kilema!"

Akadakia kabla sijaendelea. "Msijenge hapo. Marehemu alichimba."

Mnunuzi akaiachia ncha yake ya kamba. "Kina chake?"

"Sikupima. Mwanzo nilikuwa nikimwita chakula anaitika. Mwisho akawa hasikii, natuma debe la kamba liende kumgusa kichwani."

"Na dhahabu alipata?" mke wa mnunuzi akauliza, macho yamemtoka.

"Alipata kifua."

Mnunuzi akanivuta mpaka kwenye minyaa. Alikuwa amekasirika, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu anayekemea mbwa msibani. "Bwana dalali, umefanya vizuri kusema. Sasa maliza. Huyu mama anaweza kushuka mpaka wapi?"

"Sikuambii."

"Unajua?"

"Najua."

"Ninakulipa!"

"Na yeye ananilipa. Na wewe umeniambia mwisho wako ni wapi, je, mimi nimempelekea?"

Alikuwa ameniambia kweli, tukiwa njiani, kwa mdomo wake. Nilimwona anapiga hesabu ya kitu kingine sasa, si bei. Mtu akijua kwamba siri yake imetunzwa na mdomo uleule unaomnyima siri ya mwenzie, hasira inakosa pa kukaa.

Tuliporudi tukakuta wanawake wameketi juu ya kinu kilicholazwa, wanaongea Kisukuma kwa kasi. Mke wa mnunuzi alikuwa anauliza kwao ni wapi, na mjane anataja kisima, anataja kilima, na kumbe shangazi wa mmoja aliolewa karibu na mwingine. Mume akasema, "Twende zetu. Tutafute kiwanja kisicho na shimo."

Mkewe hakunyanyuka. "Wapi?"

"Mji mzima huu!"

"Mji mzima huu wamechimba, baba. Hapo kwa jirani unajua chini kuna nini? Utamuuliza nani? Hiki kiwanja ndicho pekee tulichoambiwa shimo liko wapi. Kwingine tutalitafuta kwa miguu ya watoto." Akamgeukia mjane, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, nyumba tutaweka kule mbele. Hapa tutapanda majani ya ng'ombe. Lakini utupunguzie, maana kipande hiki tunanunua jina tu."

Nikajitoa. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, nami nilijua mwisho wa kila mmoja, ningefungua mdomo ningeegemea upande mmoja. Nikakaa mbali chini ya dirisha nikawaangalia wanavutana. Mjane alishuka, lakini hakufika kule alikoniambia angefika. Mnunuzi alipanda, hakufika kule alikoniambia. Walikutana mahali ambapo mimi nisingeweza kuwapeleka. Mwenyekiti wa mtaa akaitwa, tukasaini, mimi nikasaini kwa jina langu lote, maana hilo darasa la tatu lilinifundisha.

Walipokwisha kunipa changu, mjane akabaki amesimama na ncha yake ya kamba mkononi. Hakuwa ameiachia tangu asubuhi. Nikataka kuichukua niikunje. Nikakumbuka mnada. Nikamwambia, "Ondoka nayo. Muuzaji haachi kamba."

"Na wewe utapimia nini?"

"Nitasuka nyingine."

Akaikunja akaitia kwenye kapu. Hakuniambia wabeja, asante ya kwetu. Aliondoka wiki hiyo, mvua ikamkuta njiani.

Miaka ikapita. Mama yangu mdogo akafariki kule Mhunze, nikaenda, na msiba ulipoanuliwa nikauliza njia ya kwa yule mjane. Nikaelekezwa nyumba ndogo ya bati, safi, ua umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Mbele mlango tu, na mbele ya mlango jua. Hakuna baraza. Kati ya nguzo mbili kamba yangu ya katani ilikuwa imefungwa, mafundo yote yapo, nguo zimeanikwa, kila nguo kwenye fundo lake.

Akatoka. Amezeeka, nami nimezeeka. "Mwangaluka," nikamsalimu. Akaniangalia weee, halafu akaitikia, akaingia ndani. Akarudi na kigoda akakiweka katikati ya ua, palepale jua linapochoma.

"Kaa hapo," akasema. "Baraza yangu imo kwenye lile shimo uliloliuza kwa mdomo wako."

"Kuna kivuli pale ukutani, dada."

"Nimekiona. Kaa hapo hapo."

Nikakaa. Akaniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, bakuli limejaa mpaka linamwagika, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Akaketi kizingitini, kichwa ndani ya kivuli, miguu nje. Akauliza habari za mtaa. Nikamwambia wale wa Didia wamejenga, watoto wamekua, nyuma ya jiko ni majani matupu, na mvua ya mwaka jana ardhi ilizama hapo mpaka kiunoni mwa mtu.

"Usiku?"

"Mchana. Hapakuwa na mtu."

Akanyanyuka, akachukua kanga kwenye kamba, ilikuwa imeshakauka, akaja akanitupia kichwani.

"Jifunike," akasema. "Utaniharibia karanga kwa jasho."

Nikajifunika, nikaendelea kula. Nilikaa pale mpaka jua likahama lenyewe.