Kijiko cha Baba Mwani

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla moto haujawashwa, mwanamume mmoja amekaa peke yake nyuma ya karakana ya kuyeyushia betri kuukuu. Anafungua kopo, anachota unga wa kijani kwa kifuniko cha chupa, anautia kwenye kikombe cha maji na kuunywa huku amefumba macho.

"Unga huu unanuka kama bwawa," ananiambia, akipangusa mdomo. "Ila kwa ajili ya mtoto ningekunywa hata bwawa lenyewe."

Wenzake wanamwita Baba Mwani, maana unga wenyewe ni wa mwani. Wanatania tu, lakini utani huo unamchoma. Ana miaka thelathini na minane na hajawahi kuwa baba wa mtu yeyote.

Miaka kumi na moja sasa anapasua betri za magari na kuyeyusha risasi, yale madini mazito yaliyomo ndani yake. Mkewe alishika mimba mara mbili, zote zikaharibika. Mara ya pili muuguzi wa zahanati aliagiza mume naye aje kupimwa. Damu yake ilikutwa na risasi mara tisa ya kiwango cha kutia wasiwasi, na mbegu zake zilikuwa chache na dhaifu.

"Mke wangu hakugomba," anasimulia. "Aliniambia, 'Mume wangu, nakupenda, ila msiba wa tatu siuwezi. Siku ukiacha tanuru, nitarudi.' Akafunga virago, akaenda kwa mama yake. Huu ni mwezi wa saba tangu aondoke."

Nyumba imekuwa kimya mno. Huwasha redio ili tu asikie mtu akiongea.

Tanuru hakuliacha, kwa kuwa hakujua kazi nyingine. Aliposikia kwamba mwani husaidia kukinga uzazi na sumu ya madini, akajikamua akanunua kopo. Tangu hapo hajakosa hata siku moja.

Wiki iliyopita alirudi kupima. Risasi ilikuwa imepanda.

Muuguzi alimwomba amwonyeshe anavyokunywa. Akatoa kopo, na kijiko kizito cha kijivu alichokiunda mwenyewe kwa kusubu pale tanuruni.

"Kaka yangu," muuguzi akasema, "hiki si risasi hiki?"

Anacheka kidogo akikumbuka, kisha anainamisha kichwa. Mkewe aliondoka na vyombo vyake, na nyumbani hakikubaki kijiko hata kimoja. Kwa mtu wa tanuru, kusubu kijiko ni kazi ya dakika tano.

Muuguzi hakumficha. Kijiko kimechangia, lakini tanuru ndilo kubwa. Utafiti wa mwani umefanywa zaidi kwa wanyama. Unatia moyo, ila hakuna unga unaoweza kumkinga mtu anayeshinda kwenye moshi ule.

Jioni ile alimpigia mkewe, akamweleza yote.

"Miezi saba," mkewe akasema, "mbona hukuniambia huna hata kijiko?" Akasikika analia.

Sasa Baba Mwani amepata kazi ya kupanga mbao kwa seremala wa mtaa wa pili. Ujira ni mdogo kuliko wa hapa. Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho tanuruni, na baada ya miezi mitatu atapima tena.

"Jumamosi anakuja kuniona," anasema, akifunika kopo lake. "Hajasema anarudi. Amesema analeta kijiko."